Maiti Isiyozikwa: Kuisoma Filamu ya His House kutoka Homa Bay na Migori

Filamu nyingi za nyumba yenye mizimu huanza na familia iliyohamia mahali bila kujua nani alifia pale. Hofu hiyo haina mashiko Homa Bay wala Migori, ambako wazee huzikwa bomani, hatua chache kutoka mlangoni, na watoto hucheza kando ya kaburi. Marehemu aliyezikwa kwao hatishi. Anayehofiwa ni aliyekosa maziko au aliyekufa akiwa amedhulumiwa, ambaye Wajaluo humwita jachien. Kwa sababu hiyo naona His House (2020), filamu ya Remi Weekes, inaeleweka vizuri zaidi ufukweni mwa ziwa letu kuliko Uingereza ilikotengenezwa.

Bol (Sope Dirisu) na Rial (Wunmi Mosaku) ni wakimbizi wa Sudan Kusini waliopewa nyumba chakavu huku wakisubiri uamuzi kuhusu ombi lao la hifadhi. Wakiihama, watarudishwa. Usiku ndani ya kuta kuna anayetembea: Nyagak, msichana aliyezama walipokuwa wakivuka bahari. Weekes anaficha kiini kwa ustadi mkubwa. Tunamlilia Nyagak kama mtoto wao hadi tunapogundua kwamba Bol alimpora kutoka kwa mama yake ili apate nafasi ndani ya basi lililokuwa likipakia wenye watoto tu. Kabla ya ufunuo huo kuna onyesho ambalo kwangu ndilo kilele cha filamu: Bol anakula mezani, kamera inarudi nyuma taratibu, na chumba kinageuka kuwa bahari.

Mvuvi wa Mbita au Muhuru Bay hahitaji kufafanuliwa onyesho hilo. Ziwa halirudishi maiti zote. Mwili usipopatikana, desturi ya Wajaluo ni kuzika tunda la mwegea, yaani yago, badala yake, ili marehemu awe na kaburi nyumbani. Sidai kwamba Wadinka wa Sudan Kusini na Wajaluo, ingawa wote ni Waniloti, wana desturi moja. Ninachosema ni kwamba Nyagak hana hata tunda. Bol anachoma vitu walivyokuja navyo, akitumaini kwamba kusahau kutafanya kazi ya matanga.

Udhaifu wa filamu si mishtuko ya sauti inayorudiwarudiwa katikati, ingawa inachosha. Udhaifu ni apeth, mchawi ambaye filamu inamtaja kuwa ndiye anayeitesa nyumba hiyo. Godfrey Lienhardt, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wadinka, alimweleza apeth kuwa binadamu, jirani mwenye jicho la husuda. Weekes anamfanya zimwi la ukutani lenye mwili na koo, na Rial analichinja. Hivyo deni kati ya watu linageuzwa pambano na mnyama. Mama aliyeporwa mtoto hana neno katika hitimisho, na hakuna anayeuliza ukoo wake unadai nini, swali ambalo wazee wa huku wangeanza nalo.

Huenda mtu akapinga kwa kutaja picha za mwisho, ambapo wafu wanasimama vyumbani na wenye nyumba wanakubali kuishi nao. Ni kweli, na picha hizo ni nzuri mno. Lakini zinakuja baada ya kisu, kana kwamba Bol ameshasamehewa. Zingetangulia, kisu kisingekuwa na kazi.