Wilma Rudolph: mchoraji hakuficha chuma cha mguu

Leo tunawasimulia historia ya mtoto ambaye waganga walisema hatatembea, na ya kitabu cha picha kilichochorwa juu yake.

Wilma Rudolph alizaliwa mwaka wa 1940 katika jimbo la Tennessee, Marekani. Alizaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito wa kilo 2 hivi. Kwa baba yake alikuwa mtoto wa 20 kati ya 22. Akingali mdogo alishikwa na polio, na mguu wa kushoto ukakosa nguvu. Wakati ule chanjo haikuwapo. Ilianza kutolewa mwaka wa 1955. Leo iko, wazazi, na watoto wetu wasiikose.

Watu weusi walikuwa wakibaguliwa kwa sheria. Hospitali iliyomupokea ilikuwa Nashville, karibu kilometa 80 kutoka kwao Clarksville. Mama yake alimupeleka kwa basi mara mbili kwa juma, wakikaa viti vya nyuma kwa sababu ya rangi yao. Nyumbani, ndugu zake walipokezana kumukanda mguu. Alivalishwa chuma mguuni kwa miaka mingi. Alipofika miaka 12 hivi, alikiacha kabisa.

Mwaka wa 1960, mwaka uleule nchi yetu ilipopata uhuru, Wilma alikimbia Roma katika Michezo ya Olimpiki. Alishinda mita 100, mita 200 na mbio za kupokezana kijiti. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa amepata medali tatu za dhahabu za mbio katika Olimpiki moja mbele yake. Mji wake ulipotaka kumupokea, alikataa sherehe ya kutenganisha weupe na weusi. Basi wakamushangilia pamoja, jambo lililokuwa jipya Clarksville.

Wilma alifariki mwaka wa 1994. Mwaka wa 1996 kikatoka kitabu cha watoto, Wilma Unlimited, kilichoandikwa na Kathleen Krull na kuchorwa na David Diaz.

Kazi ya mchoraji hapo si nyepesi. Mtoto asiyejua kusoma anasoma picha. Ukimuchora Wilma na medali tu, mtoto atafikiri alizaliwa mshindi. Ukimuchora mgonjwa tu, atamuhurumia na kufunga kitabu. Diaz alichora watu kwa rangi nzito, akawaweka juu ya foto za rangi ya kahawia. Chuma cha mguu kinaonekana. Baadaye tunamuona akitembea bila chuma ndani ya kanisa, akicheza mpira wa kikapu, na mwishoni akikimbia. Mtoto anaiona njia yote, ukurasa kwa ukurasa.

Katika kambi, watoto wetu pia wanachora, kwa mkaa ao kwa kijiti juu ya udongo. Wengi wanachora walichokiona: bunduki, nyumba inayoungua, watu wanaobeba mizigo. Kuna wakubwa wanaowakemea na kufuta. Tusifute. Hicho ndicho chuma chao cha mguu, na historia yao haiwezi kusimuliwa bila hicho. Tukae nao chini, tuangalie picha, kisha tuwaulize watachora nini katika ukurasa unaofuata.