Kwa nini Git yako inasuasua? Historia ya kusubiri, kutoka Bell Labs hadi Korogwe

Kuna ushauri unaozunguka sana kwenye magrupu ya wanafunzi wa data: programu yako ya Git ikiwa nzito, ingia kwenye folda ya mradi, onyesha mafaili yaliyofichwa, futa folda inayoitwa .git, anza upya. Na kweli, ukifanya hivyo wepesi unarudi papo hapo. Usichoambiwa ni kwamba umefuta historia yote ya kazi yako: nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Kama hukuwa na nakala kwenye seva, ndiyo imekwenda hivyo. Unabaki na hali ya leo tu, kama daftari lililochanwa kurasa zote isipokuwa ya mwisho.

Kwa mtu anayejifunza kutengeneza mchezo wa simu, labda hiyo ni hasara ya kuvumilika. Lakini wengi mnaosoma hapa mnashika takwimu za watu. Chukua Korogwe. Pale kuna maabara ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na vijiji vya wilaya hiyo na jirani yake Handeni vinajulikana sana na watafiti wa malaria. Korogwe ilikuwa moja ya vituo viwili vya Tanzania, kingine kikiwa Bagamoyo, katika jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S lililoanza mwaka 2009, kwenye vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, likihusisha watoto zaidi ya 15,000. Katika kazi za namna hiyo kuna kanuni ambayo kila mjaza fomu anafundishwa siku ya kwanza: ukikosea, hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lionekane bado, unaandika sahihi pembeni, unatia saini fupi na tarehe.

Git na ndugu zake, yaani programu za kudhibiti matoleo, ni kanuni hiyo hiyo ikiwekwa ndani ya kompyuta. Skripti yako ya R iliyotoa kiwango cha maambukizi mwezi Machi inaweza kurudishwa ilivyokuwa Machi, hata kama umeibadilisha mara hamsini tangu hapo. Msimamizi akiuliza kwa nini jedwali la 3 limebadilika, una jibu. Ndiyo maana uzito wa programu hii si suala la starehe tu. Mtu akichoka kusubiri, anarudi kwenye "data_mwisho_mwisho2.xlsx" ndani ya flashi, na hapo ndipo matokeo ya utafiti yanapoanza kupotea bila mtu kujua.

Sasa, kwa nini inakuwa nzito? Jibu limefichwa kwenye historia yake.

Mwaka 1972, Marc Rochkind wa Bell Labs kule Marekani aliandika SCCS, mfumo ambao wengi tunauhesabu kuwa wa kwanza wa aina hii. Uliweka matoleo yote ya faili yakiwa yamesukwa pamoja ndani ya faili moja, kama ukili. Ukitaka toleo lolote, jipya au la zamani, lazima kompyuta ipitie ukili wote kuchambua nyuzi zake. Historia ikirefuka, kila mtu anasubiri zaidi.

Miaka kumi baadaye Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alikuja na RCS, na akageuza jambo moja tu. Toleo la mwisho liliwekwa zima; ya nyuma yake yakawekwa kama maelekezo ya jinsi ya kurudi. Kwa nini? Kwa sababu watu karibu kila siku wanataka toleo la mwisho. Mwenye duka pale stendi ya Korogwe anaweka sukari na sabuni karibu na mkono, rangi ya nyumba anaiweka stoo. Ukija kutaka rangi utasubiri, na hakuna atakayeshangaa. Shika jambo hili, maana ndilo ufunguo wa mengine yote: wepesi wa programu hizi siku zote umetokana na dhana fulani kuhusu mtumiaji. Ukiwa tofauti na yule waliyemfikiria, unalipa kwa kusubiri.

Mwaka 1986 Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu Amsterdam, alianzisha CVS kwa sababu ya kawaida kabisa: yeye na wanafunzi wake wawili walikuwa wakiandika programu moja, ila ratiba zao hazikukutana. Baadaye Subversion, iliyoanzishwa mwaka 2000 na kutoa toleo lake la 1.0 mwaka 2004, ikachukua nafasi. Hizi zilikuwa na seva moja katikati, na historia yote inakaa huko. Ukitaka kujua nani alibadilisha mstari fulani, unauliza seva.

Na hapo ndipo sisi tulipokuwa tunaumia. Kabla kebo ya SEACOM haijaanza kazi mwezi Julai 2009, intaneti yetu kwenda nje ilitegemea setilaiti. Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: hata kwa kasi ya mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde kabla hata seva haijafikiri. Programu inayouliza maswali mia mbili madogo, moja baada ya jingine, inakula dakika moja na nusu ikisubiri anga tu. Kununua kompyuta yenye nguvu zaidi kusingesaidia chochote.

Git ilizaliwa Aprili 2005, pale Linus Torvalds na wenzake wa Linux walipopoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper. Alichokuwa anakichukia ni kusubiri. Alitoa mfano wa mfumo unaotumia sekunde 30 kuingiza badiliko moja, wakati yeye angeweza kupokea mabadiliko 250 kwa mkupuo. Kipimo alichojiwekea ni sekunde 3, zisizidi. Njia aliyoitumia ni kukupa wewe historia yote, nzima, kwenye diski yako. Seva ikabaki mahali pa kubadilishana tu.

Kwetu huu ulikuwa ukombozi, na sidhani kama tunausema vya kutosha. Mtu aliyeko kijijini Handeni, bando limeisha na mtandao umekata, anaweza kukaa usiku kucha akisoma historia ya mradi, akilinganisha matoleo na kuhifadhi mapya. Ila kusubiri hakukufa. Kulihama kutoka kwenye waya kwenda kwenye diski.

Hebu tuone Git inafanya nini unapofungua dirisha la programu yake. Fikiria balozi wa nyumba kumi mwenye orodha ya nyumba zote za mtaa. Kwa kila nyumba ameandika mara ya mwisho ilikuwaje: ukubwa wa faili na saa lilipobadilishwa. Kila unapotaka kujua "nini kimebadilika?", balozi anatoka na orodha yake, anagonga mlango mmoja mmoja. Nyumba ikiwa kama alivyoiandika, haingii ndani, anapita. Hapo ameokoa muda mwingi. Lakini kila mlango lazima aufikie, na akimaliza, anazunguka tena kutafuta vibanda vipya ambavyo havimo kwenye orodha.

Torvalds alimfikiria balozi wa mtaa gani? Wa Linux. Mwezi Aprili 2005 mradi ule ulikuwa na mafaili 17,000 na ushee, karibu yote maandishi madogo, kwenye mfumo wa Linux ambao hujibu swali kama hilo haraka sana na hukumbuka majibu kwenye RAM. Sasa linganisha na laptopu ya mwanafunzi: Windows, ambayo kila mlango wake hufunguka polepole zaidi, diski ya kuzunguka, na folda yenye picha 20,000 za slaidi za damu zilizopigwa kwenye hadubini. Diski ya kuzunguka ikitakiwa kurukaruka huku na huko hufikia sehemu kama mia moja tu kwa sekunde. Katika hali mbaya kabisa, milango 20,000 ni sekunde 200, zaidi ya dakika tatu. Mara nyingi haifiki huko, kwa sababu kompyuta husoma taarifa nyingi kwa pamoja, lakini unaona mwelekeo. Diski ya SSD ingemaliza kwa sekunde chache.

Kisha kuna antivairasi, ambaye ni sawa na mgambo anayefuatana na balozi na kutaka kupekua kila nyumba inayofunguliwa. Na programu nyingi za Git zenye madirisha hurudia mzunguko huo kila unapolirudia dirisha lake. Umetoka kwenda Excel, umerudi: balozi njiani tena. Nadhani hili ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu hawajabonyeza kitu na kompyuta inaunguruma.

Usione haya. Ugonjwa huo huo uliwakumba wakubwa. Mwaka 2017 Microsoft walitangaza wanahamishia msimbo wa Windows yenyewe kwenye Git: mafaili zaidi ya milioni 3.5, karibu GB 300. Kuchukua nakala kulizidi saa 12, na kuuliza tu "nini kimebadilika?" kulichukua dakika 10. Facebook nao, miaka mitatu kabla, walishaeleza jinsi walivyoamua kuhamia Mercurial na kuandika programu ya kuangalia mafaili, Watchman, ili mfumo usizunguke kugonga milango. Yaani wageni wakija, nyumba yenyewe inatuma mtoto kwa balozi. Wazo hilo limefika hadi kwetu: tangu Git 2.37 ya Juni 2022, limo ndani kwa watumiaji wa Windows na macOS. Unaandika `git config core.fsmonitor true` mara moja ndani ya mradi, na kwa vibanda vipya `git config core.untrackedCache true`.

Lakini usikimbilie dawa kabla ya kujua ugonjwa. Funga programu ya dirisha, fungua terminali, andika `git status` na uhesabu sekunde. Rudia palepale. Ikiwa ya kwanza ilichelewa na ya pili ikaruka, diski ndiyo inayokusumbua. Ikiwa zote mbili ni nyepesi lakini dirisha ndilo zito, basi Git haina kosa: dirisha linahangaika kuchora ule mchoro wa matawi, au linaenda mtandaoni kimyakimya kuulizia mapya. Hilo la pili linazimika kwenye mipangilio ya baadhi ya programu, na kwa anayetumia hotspoti ya simu nashauri lizimwe mapema. Ikiwa zote mbili ni nzito, angalia antivairasi, na angalia pia kama mradi wako umekaa ndani ya OneDrive au Dropbox. Utoe humo. Mifumo miwili inayogombania mafaili yale yale si uzito tu, inaweza hata kuharibu historia. Kuhusu kuiambia antivairasi iruke folda ya mradi, ni sawa, ila si ile folda unayomwagia vitu kutoka kwenye flashi za watu.

Kisha andika `git count-objects -vH`. Itakuonyesha ni vipande vingapi vimetapakaa na historia imenenepa kiasi gani. Vipande vikizidi kama 6,700, Git hujifungasha yenyewe, kwa kawaida bila kukuuliza. Unaweza kuianzisha mwenyewe kwa `git gc` na kwenda kunywa chai. Ukiona neno "garbage" lina namba kubwa, mara nyingi ni ufungashaji uliokatishwa, na kwa umeme wetu huu unajua ulikatishwaje. Umeme huo huo huacha faili la .git/index.lock, na Git inagoma ikidhani kuna mwenzake yuko kazini. Hakikisha hakuna programu ya Git iliyo wazi, kisha futa hilo faili moja. Hilo tu, si folda nzima.

Historia ikiwa nene kweli, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni Excel. Faili la .xlsx limeshabanwa tayari kama zip, kwa hiyo Git haioni mistari iliyobadilika. Kila toleo karibu inalihifadhi zima. MB 5 mara matoleo 200 ni GB moja. Kama data yako inaweza kukaa kama CSV, iweke CSV. Picha ziweke nje ya mradi, au tumia Git LFS, nyongeza iliyotoka mwaka 2015 kwa kazi hiyo hasa. Na fahamu kwamba kuliandika faili kwenye .gitignore hakusaidii kama tayari linafuatiliwa. Lazima kwanza `git rm --cached`, ambayo inaliacha kwenye diski yako lakini inamfutia balozi kwenye orodha. Unene wa zamani utabaki pale pale, ila hautaongezeka.

Kama baada ya yote hayo bado umedhamiria kuanza upya, andika kwanza `git bundle create historia.bundle --all`. Utapata faili moja lenye matoleo yote uliyohifadhi, linaloingia kwenye flashi, na siku yoyote unaweza kulifungua kwa `git clone historia.bundle`, hata pasipo mtandao.