Unahamia Ploti Yako Mwenyewe? Ijue Kwanza Usiku

Uko na ploti Githurai, Kayole ama Rongai. Labda ulijenga mdogo mdogo na doh ya chama, labda mshua alikuachia. Kila mwezi rent inaingia kwa M-Pesa na caretaker anakushow, "Mambo ni sawa, boss." Sasa umechoka kulipia keja ya mwenyewe, unataka kuhamia yako. Poa. Lakini huo mtaa wewe unaujua mchana tu, ukienda kucheki maji imeleta shida gani. Wenye wanaujua usiku ni wapangaji wako.

Waulize wapangaji

Caretaker analinda kazi yake, hatakuambia kuna ngori. Tafuta yule mama wa kurauka saa kumi kwenda soko, ama yule dem hutoka job saa nne usiku. Usimuulize kama mtaa uko salama, atasema ni sawa juu wewe ndio landlord. Muulize: ukishuka mathree usiku unapitia wapi? Ni njia gani hupitangi? Mara ya mwisho msee kuibiwa hapa ni lini, na nani alitoka kusaidia? Ukiona wapangaji wanahama hata kabla warudishiwe deposit, kuna kitu.

Jitembelee

Shuka steji saa mbili usiku, tembea hadi kwa gate. Fanya hivyo siku ya kazi, wikendi, na siku stima imepotea. Mulika Mwizi inawaka ama imebaki nguzo? Mama chapo na msee wa smokie wakiwa wazi hadi saa nne, hayo ni macho ya bure. Wote wakifunga saa moja, uliza wanaogopa nini. Alafu simamisha nduthi. Akikataa kukufikisha mlangoni, akisema atakuacha barabarani, hilo ni jibu tosha.

Si wezi pekee

Februari 2024, gesi ililipuka usiku Mradi, Embakasi, katikati ya makao ya watu. 2016 jumba la Huruma liliporomoka usiku wa mvua, karibu na mto. Kwa hivyo zunguka ploti: kuna mahali wanajaza mitungi ya gesi? Mto uko mbali kiasi gani? Gari la zimamoto linaweza kuingia hiyo njia?

Kabla ubebe godoro

Jua kituo cha polisi kiko wapi na ujitambulishe kwa wazee wa Nyumba Kumi. Save 999 na 112. Rent ibaki kwa simu ama benki, usichukue cash mkononi. Wasee wakijua landlord analala hapo, watadhani kuna doh ndani.

Na ukipata huwezi lala hapo, usirudi tu kwa keja yako ya zamani ukanyamaza. Kuna familia zinakulipa kulala hapo kila siku. Kabla ya tiles za nyumba yako, weka taa kwa gate na kwa ngazi, badilisha kufuli mbovu, na uhakikishe grill moja kwa kila nyumba inafunguka kutoka ndani moto ukishika. Ikitosha wewe kulala, itawatosha na wao.