Estrojeni na moyo wa mwanamke baada ya hedhi kukoma

KWA miaka mingi imeaminika kuwa mwanamke ana ngao ya asili dhidi ya maradhi ya moyo, na kwamba ngao hiyo humwondokea hedhi inapokoma. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na anayeitegemea anaweza kuchelewa kupimwa.

Ngao yenyewe ni estrojeni, homoni inayotengenezwa hasa na ovari. Husaidia mishipa ya damu kutanuka na huzuia kolesteroli mbaya kuongezeka. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55. Baada ya hapo kolesteroli mbaya hupanda na mafuta hujikusanya tumboni.

Hata hivyo, estrojeni haiishi kabisa mwilini. Tishu za mafuta huendelea kugeuza homoni nyingine kuwa estrojeni hafifu. Ndiyo sababu mwanamke mnene aliyekoma hedhi huwa na estrojeni nyingi kuliko mwembamba. Lau homoni hiyo pekee ingekuwa kinga, unene ungeulinda moyo. Ilivyo ni kinyume chake.

Utafiti nao haujatoa jibu moja. Katika eneo la Rancho Bernardo, California, wanawake 651 waliokoma hedhi walifuatiliwa kwa miaka 19. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 hayakuonyesha uhusiano kati ya kiasi cha estrojeni yao ya asili na vifo vya maradhi ya moyo na mishipa. Mwaka 2012, utafiti wa Ufaransa ulihusisha estrojeni nyingi kwa wanawake wazee na ongezeko la maradhi ya moyo na kiharusi. Mwaka 2018, uchunguzi wa wanawake 2,834 nchini Marekani ulibaini kuwa hatari ilizidi pale testosteroni ilipokuwa nyingi ikilinganishwa na estrojeni.

Kurejesha homoni kwa vidonge hakukuleta kinga iliyotarajiwa. Julai 2002, jaribio lililohusisha wanawake 16,608 nchini Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati, baada ya kubainika kuwa mchanganyiko wa estrojeni na projestini uliongeza saratani ya matiti, kiharusi na mshtuko wa moyo. Leo dawa hizo hutolewa kupunguza joto la ghafla na adha nyinginezo za ukomo wa hedhi, kwa ushauri wa daktari, wala si kwa ajili ya kukinga moyo.

Kwa mkazi wa Bamburi, katika eneobunge la Kisauni, funzo ni kwamba vipimo vyenye manufaa zaidi ni vya kawaida: shinikizo la damu, sukari, kolesteroli na mzunguko wa kiuno. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Wakenya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa shinikizo la damu, ilhali karibu mmoja kati ya wanne alikuwa nalo. Miongoni mwa wanawake, takriban 38 kwa kila 100 walikuwa na uzani kupita kiasi.

Kupunguza chumvi, viazi karai na mahamri ya kila asubuhi, kutembea kwa miguu na kuepuka tumbaku husaidia bila kujali kiasi cha homoni. Aliyepewa dawa za shinikizo asiziache kwa kuwa amejihisi nafuu.

Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, au aliyeondolewa ovari zote mbili mapema, yumo katika hatari kubwa zaidi na anapaswa kumweleza daktari.

Aidha, mshtuko wa moyo kwa mwanamke hauji na maumivu makali ya kifua kila mara. Huenda ukaja kwa pumzi kukatika, kichefuchefu, jasho jembamba, uchovu usio wa kawaida, au maumivu ya taya na mgongo. Dalili hizo mara nyingi hudhaniwa kuwa gesi au vidonda vya tumbo. Zinapomjia ghafla mama wa makamo, mahali pake ni hospitali, na ni saa hiyo hiyo.