Kutoka Ngoma za Mwezi Mwandamo hadi Mkesha wa Januari 1: Karagwe na Historia ya Kuukaribisha Mwaka

Na Mwandishi Wetu, Kayanga

Kila ifikapo Desemba 31, wakazi wa wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera huungana na mataifa mengi duniani kuuaga mwaka na kuupokea mwingine. Hata hivyo, tarehe hiyo ni mgeni wa karibuni katika historia ya eneo hili. Kabla ya ujio wa kalenda ya ukutani, himaya ya Karagwe ilipima nyakati kwa kuutazama mwezi angani, na ngoma ndizo zilizoutangaza.

Asili ya Januari 1

Hakuna jambo la maumbile linaloilazimisha dunia kuanza mwaka Januari 1. Wababeli wa kale waliadhimisha mwaka mpya majira ya kuchipua, katika sikukuu iliyoitwa Akitu. Warumi nao awali walianza kuhesabu Machi. Ndiyo sababu jina la Desemba, mwezi wa 12 kwetu, katika Kilatini linatokana na neno lenye maana ya kumi.

Mtawala Julius Caesar aliirekebisha kalenda ya Roma, na kalenda hiyo mpya ikaanza kutumika Januari 1 mwaka 45 kabla ya Kristo. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII aliisahihisha tena, na kalenda yake ndiyo inayotumika katika ofisi na shule zetu. Uingereza yenyewe iliipokea mwaka 1752. Kabla ya hapo mwaka wake wa kisheria ulianza Machi 25.

Hadi leo zipo jamii zenye hesabu nyingine. Waethiopia huanza mwaka Septemba 11, au Septemba 12 kila baada ya miaka minne. Wachina husherehekea kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Mwaka wa Kiislamu, unaofuata mwezi mwandamo, una siku zipatazo 354, hivyo Muharram hutangulia kwa takribani siku 11 kila mwaka.

Ngoma 35 za Bweranyange

Karagwe ilitawaliwa na wafalme wa ukoo wa Wahinda, na makao yao makuu yalikuwa Bweranyange. Wasafiri wa Kiingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika huko Novemba 1861 na kupokewa kwa heshima na Mfalme Rumanyika.

Katika kitabu chake kilichochapwa mwaka 1863, Speke alieleza sherehe ya mwezi mwandamo iliyofanyika kila mwezi. Ngoma 35 zilipangwa chini mbele ya mfalme, wapigaji wakiwa tayari nyuma yake. Kwa mujibu wa Speke, sherehe hiyo ilimwezesha mfalme kutambua ni wangapi miongoni mwa raia wake waliobaki watiifu. Hivyo, kuandama kwa mwezi hakukuwa tu hesabu ya siku, bali pia siku ya kufanya upya kiapo kati ya mtawala na watu wake.

Kumbukumbu hizo zina jambo jingine la kuvutia. Rumanyika, aliposikia kwamba wageni wake huadhimisha kuzaliwa kwa Kristo kwa karamu ya nyama, aliwapelekea ng'ombe siku ya Krismasi ya mwaka 1861. Mwenyeji aliyefuata hesabu ya mwezi aliiheshimu sikukuu ya kalenda isiyo yake. Januari 1, 1862 iliwakuta wasafiri hao wakiwa bado Karagwe.

Utawala wa kikoloni, misheni na shule ndivyo vilivyoieneza kalenda mpya katika maisha ya kila siku. Mwaka 1963, baada ya Uhuru, mamlaka ya watemi yaliondolewa kisheria nchini, na sherehe za ikulu za jadi zikakosa mwenyeji rasmi.

Nairuzi ya Pwani

Mfano wa jadi iliyodumu upo Makunduchi, Mkoa wa Kusini Unguja, ambako Mwaka Kogwa huadhimishwa kila Julai. Asili yake ni Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365 uliotoka Uajemi. Mabaharia na wakulima wa Pwani waliutumia kwa kuhesabu siku kwa makumi, yaitwayo miongo, ili kujua pepo za safari na majira ya kupanda. Katika sherehe hiyo wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita, kibanda cha makuti huchomwa moto, na wanawake huimba. Kila nyumba hutarajiwa kukaribisha mgeni.

Mkesha wa leo

Mkoani Kagera, mwisho wa mwaka hukutana na msimu wa senene, ambao huonekana kwa wingi Novemba na Desemba, na wengi waishio mbali hurejea nyumbani kwao. Ndizi, nyama na rubisi huandaliwa. Makanisa, yakiwemo ya Jimbo Katoliki la Kayanga na Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, huwakusanya waumini katika ibada za kufunga na kufungua mwaka. Usiku huohuo Rais huhutubia Taifa, na Januari 1 ni siku ya mapumziko kitaifa.

Makunduchi inathibitisha kwamba kalenda ya dunia na kalenda ya jadi zinaweza kuishi pamoja, mradi wapo wanaoifahamu ya pili. Kwa Karagwe, maelezo yanayosomwa zaidi kuhusu ngoma za mwezi mwandamo yaliandikwa na mgeni aliyekaa wiki chache. Wazee wanaokumbuka majina ya miezi kwa Kinyambo na midundo ya ngoma ndio wanaoweza kuyakamilisha. Likizo ya mwisho wa mwaka, familia zinapokutana, ni fursa ya vijana kuwauliza na kuandika.