Kesi ya ardhi ya Wameru

Kesi ya ardhi ya Wameru (pia: shauri la Engare Nanyuki) ni mgogoro wa ardhi uliotokea upande wa kaskazini wa Mlima Meru, katika Tanganyika ya wakati ule (leo Tanzania). Ulifikia kilele mwezi Novemba 1951, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipowahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili eneo hilo wapewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Wameru walifikisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa mjini New York. Msemaji wao, Kirilo Japhet (jina lake huandikwa pia Japhet Kirilo), anatajwa kuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Tanganyika kuzungumza mbele ya Umoja huo.

Ingawa huitwa "kesi", shauri hili halikuamuliwa na mahakama. Lilikuwa malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali iliyowatawala kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Linakumbukwa pia kwa sababu ya maandishi yake: mmoja wa waliohusika alishiriki kuandika kitabu juu ya ardhi aliyoitetea.

Wameru wanaozungumziwa hapa ni wale wa Tanzania, wanaojiita pia Warwa. Wasichanganywe na Wameru wa Kenya, ambao ni watu wengine wenye lugha nyingine.

Mahali

Mlima Meru ni volkeno yenye kimo cha zaidi ya mita 4,500. Miteremko yake ya kusini na mashariki hupata mvua nyingi na ina udongo wenye rutuba. Waarusha, ambao husema lugha ya Kimaa, wanaishi hasa upande wa magharibi na kusini-magharibi, na Wameru upande wa mashariki na kusini-mashariki. Upande wa kaskazini ni mkavu zaidi, na ndiko liliko eneo la Engare Nanyuki. Jina hilo ni la Kimaa na maana yake ni "maji mekundu", kutokana na mto unaopita huko. Siku hizi huandikwa Ngarenanyuki.

Msafiri anayetoka mjini Arusha kupitia Kimandolu hufuata barabara kuu ya Moshi hadi Tengeru na Usa River. Hapo mbele huiacha barabara kuu upande wa kushoto, hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kutokea Ngarenanyuki nyuma ya mlima. Safari hiyo inaonyesha jambo moja muhimu katika mgogoro huu: nyumbani kwa Wameru wengi ni kusini na mashariki, lakini malisho yao yalikuwa ng'ambo ya mlima.

Matumizi ya ardhi

Kiini cha makazi ya Wameru ni kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba na kurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wa kiume. Tangu wakati wa ukoloni kahawa imepandwa pia chini ya migomba. Familia nyingi huzika wafu wao humo, kwa hiyo kihamba si mali ya kuuza na kununua tu. Ni mahali pa ukoo.

Kihamba peke yake hakikutosha. Watu walihitaji pia nchi ya tambarare kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na mahindi. Vijana waliokosa nafasi mlimani walihamia huko na kuanzisha miji yao. Kwa hiyo Engare Nanyuki haikuwa ardhi ya ziada, kama ilivyoweza kuonekana kwenye ramani, bali nusu ya pili ya uchumi wa nyumba moja.

Chanzo cha mgogoro

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri. Jeshi la Wajerumani lilikuja kulipiza kisasi: watu waliuawa, mifugo ilichukuliwa na migomba ilikatwa. Baada ya hapo serikali ya Kijerumani iligawa ardhi kuuzunguka mlima kwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliofika kutoka Afrika Kusini katika miaka ya 1904-1906. Mashamba hayo yalifanya kama pete: Wameru na Waarusha walibaki juu, kati ya msitu na mashamba ya walowezi, na njia za kwenda malishoni zikawa nyembamba.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walitwaa mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui. Mengi waliyauza tena kwa walowezi wengine, wakiwemo Waingereza na Wagiriki, badala ya kuyarudisha kwa wenyeji. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya mamlaka ya gavana. Kadiri watu walivyoongezeka, uhaba wa ardhi mlimani ukawa mkali.

Mwaka 1946 serikali ilimteua Jaji Mark Wilson kuongoza tume ya kuchunguza ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Taarifa ya tume, iliyotolewa mwaka 1947, ilikubali kwamba wenyeji walibanwa. Hata hivyo ilipendekeza ardhi ipangwe upya kwa kufuata rangi: wenyeji waongezewe sehemu fulani, na upande wa kaskazini-mashariki uwe eneo moja la Wazungu bila Waafrika katikati yake. Engare Nanyuki iliangukia ndani ya eneo hilo. Katika mafaili ya serikali ilijulikana kama Shamba Namba 31 na Shamba Namba 328.

Kuhamishwa

Wameru waliambiwa wahamie hasa Kingori, upande wa kusini-mashariki, na wakaahidiwa fidia. Walikataa. Walieleza kwamba Kingori ni nchi ya chini, yenye joto, maji machache na maradhi ya watu na mifugo, na kwamba hawakuwa wameombwa ridhaa yao. Wengi walikataa hata kupokea fedha za fidia, kwa kuwa kuzipokea kungekuwa sawa na kukubali kwamba ardhi imeuzwa.

Uhamisho ulianza tarehe 17 Novemba 1951, wakati Sir Edward Twining akiwa gavana. Polisi walisimamia kazi hiyo. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, na mifugo ikaswagwa kwenda nje ya eneo. Wameru walilalamika kwamba wanyama wengi walikufa au kupotea njiani. Wenyewe hawakutumia silaha. Wengi waliohamishwa hawakwenda Kingori, bali walikwenda kwa ndugu zao mlimani, mahali ambapo ardhi ilikuwa haitoshi tangu awali.

Malalamiko mbele ya Umoja wa Mataifa

Tanganyika haikuwa koloni la kawaida. Tangu mwaka 1946 ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikuwa msimamizi wake. Jambo hili liliwapa Wameru njia mbili za kisheria. Kwanza, Kifungu cha 87 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kiliruhusu Baraza la Udhamini kupokea malalamiko kutoka kwa wakazi wa nchi hizo. Pili, Kifungu cha 8 cha makubaliano ya udhamini wa Tanganyika kiliitaka Uingereza izingatie mila na sheria za wenyeji katika mambo ya ardhi na kulinda haki zao.

Wameru waliunda chama, Meru Citizens Union, na Kirilo Japhet akawa katibu wake. Walichanga fedha wenyewe. Mwanasheria wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, ambaye baadaye alikuwa jaji Tanzania na Jaji Mkuu wa Shelisheli.

Katikati ya mwaka 1952 shauri lilisikilizwa na Baraza la Udhamini. Baraza lilisikitikia kuhamishwa kwa watu bila ridhaa yao, lakini halikuamuru warudishiwe ardhi. Mwishoni mwa mwaka huohuo shauri lilifika katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na kamati ikawaunga mkono Wameru. Lakini katika kikao cha Baraza Kuu lenyewe pendekezo lilikosa theluthi mbili za kura zilizohitajika, likaanguka.

Matokeo

Kwa kipimo cha ardhi, Wameru walishindwa mwaka 1952. Kwa kipimo cha siasa, matokeo yalikuwa makubwa. Shauri lilionyesha kwamba serikali ya kikoloni inaweza kuitwa na raia wake kujieleza hadharani mbele ya mataifa. Habari zake zilienea Tanganyika nzima, na chama cha TANU kilipoanzishwa mwaka 1954 watu wengi walikuwa tayari wanajua kwamba suala la Meru halikuwa la Wameru peke yao. Mwaka 1955 Julius Nyerere naye alikwenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini.

Shauri katika maandishi

Mwaka 1967 vilitolewa Nairobi vitabu viwili vya watu walioyajua mambo haya kwa karibu. Cha kwanza ni The Meru Land Case cha Kirilo Japhet na Earle Seaton, kilichotolewa na East African Publishing House. Cha pili ni The Freemen of Meru cha Anton Nelson, Mmarekani aliyefanya kazi pamoja na Wameru, kilichotolewa na Oxford University Press. Mwaka huohuo ndio wa Azimio la Arusha. Mwaka 1997 mwanahistoria Thomas Spear alitoa Mountain Farmers, utafiti juu ya ardhi na kilimo cha Waarusha na Wameru.

Maandishi ya wahusika yana faida ambayo mafaili ya serikali hayana. Katika faili, mahali ni namba ya shamba, ukubwa wake na mpaka wake. Kwa aliyeishi hapo, mahali ni mto, njia ya ng'ombe, boma la jirani na kaburi la mzazi. Serikali ilihesabu ekari zilizotolewa na ekari zilizolipwa, ikaona hesabu imelingana. Wameru hawakubishania ekari tu. Walisema kwamba mahali pamoja hapawezi kulipwa kwa mahali pengine. Tofauti hiyo ndiyo iliyolibeba shauri lote, na inaeleweka vizuri zaidi kwa kusoma maneno ya wenyewe.

Hata hivyo, maelezo ya mhusika ni ya upande mmoja, nayo yasomwe pamoja na taarifa ya Tume ya Wilson, kumbukumbu za Baraza la Udhamini na masimulizi ya wazee. Kwa kulinganisha, kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya (1938), nacho kinaeleza ardhi ya Wakikuyu kwa sauti ya mtu wa jamii yenyewe, kwa lengo la kuitetea.

Hali ya leo

Ngarenanyuki sasa ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru, Mkoa wa Arusha, na Wameru ni sehemu kubwa ya wakazi wake. Wanalima kwa umwagiliaji, hasa nyanya, na kufuga. Maji ya eneo hilo yana madini ya floridi kwa kiwango cha juu sana, ambayo huharibu meno na mifupa. Kusini mwake iko Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto.

Kisheria, ardhi yote ya Tanzania bado ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5) za mwaka 1999 zinatambua haki za kimila na fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Swali la mwaka 1951, yaani kama fidia inaweza kuchukua nafasi ya ridhaa, huibuka tena kila watu wanapotakiwa kuhama.