Serikali, Eklezia na mtoto anayeacha masomo

Kila mwanzo wa mwaka tunaandika majina mengi katika vitabu vya masomo yetu, na mwisho wa mwaka tunaona kwamba hesabu haipatani. Mara nyingi twasema: wazazi hawana nia. Pengine ni kweli. Lakini historia ya inchi yetu yatuonyesha sababu nyingine: watoto walibaki ao walitoka kwa kadiri feza ya Serikali ilivyofika ao ilivyokosa kufika. Ni vema padri na katekista waijue historia hiyo, maana Eklezia ilikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza.

I. Mapatano ya zamani

Tarehe 26 Mei 1906, wakati wa Baba Mtakatifu Pio X, Vatikano ilifanya mapatano na Serikali ya mfalme Leopold II. Kila misioni ilipewa hekta 100 za udongo, hata 200 kama kulikuwa na lazima. Kwa upande wao wamisionari waliahidi kufungua masomo, kadiri walivyoweza. Basi msaada wa kwanza ulikuwa udongo, si mshahara.

Feza yenyewe ilikuja nyuma. Mwaka 1925 na 1926 Serikali ya Wabeleji ilipatana na misioni za kikatoliki zilizoitwa za kitaifa, ikakubali kuzisaidia kulipa gharama za masomo. Maprotestanti walingojea msaada huo hata baada ya vita ya pili ya dunia. Mpango wa masomo ulitolewa mwaka 1929: miaka miwili ya kwanza, kisha miaka mitatu ya daraja la pili.

Tuangalie vema mpango huo. Miaka miwili ya kwanza ilipatikana kijijini, karibu na kapela, na mwalimu alikuwa mara nyingi katekista. Daraja la pili lilikuwa misioni kubwa, mbali. Mtoto wa miaka 9 ao 10 alipaswa kuacha mama yake, kutafuta mahali pa kulala na chakula cha kila siku. Wengi hawakuweza. Hivi mtoto hakuacha masomo kwa sababu ya uvivu: njia yenyewe ilikatika mbele yake. Ndiyo sababu, karibu na uhuru, wanafunzi walikuwa zaidi ya milioni moja, lakini sehemu kubwa yao walikuwa katika kilasi mbili za kwanza. Na tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani waliomaliza universite hawakuzidi 30.

Mwaka 1954 waziri Auguste Buisseret alifungua masomo ya Serikali yasiyo ya dini kwa watoto waafrika, na ugomvi mkali ukatokea juu ya feza na juu ya haki za misioni. Watu walibishana sana nani ataongoza masomo. Hawakuuliza kwa nguvu ile ile kwa nini mtoto wa kijiji anaishia mwaka wa pili.

II. Kutwaliwa na kurudishwa

Mwisho wa mwaka 1974 Raisi Mobutu aliamuru masomo yote ya makanisa yawe mali ya Serikali. Haikupita miaka mitatu Serikali ikaona mzigo ni mzito. Tarehe 26 Februari 1977 ilifanya mapatano mapya na makanisa: masomo yanabaki ya Serikali, makanisa yanayaongoza, na Serikali inalipa waalimu. Mapatano hayo ndiyo msingi wa masomo yetu mpaka leo.

Lakini uchumi wa Zaire ulianguka. Mshahara wa mwalimu ukawa kidogo, tena ukachelewa. Mwanzo wa miaka ya 1990 waalimu waligoma muda mrefu. Ili milango ifunguliwe tena, wazazi walikubali kumuongezea mwalimu kitu kila mwezi. Watu wakakiita « prime ». Ilikuwa dawa ya muda, nayo ikadumu zaidi ya miaka 25. Tena feza hiyo haikubaki yote mkononi mwa mwalimu. Sehemu yake ilipanda ngazi mpaka ofisi za Serikali na ofisi za masomo za makanisa, zetu pamoja nazo. Tusilifiche neno hili, maana waamini wetu wanalijua.

Na mtoto asiyelipa alirudishwa nyumbani. Mara ya kwanza alilia, mara ya pili alijificha wenzake wasimuone, mara ya tatu hakurudi tena. Katika jamaa maskini, binti alitolewa mbele ya ndugu yake.

III. Tangu mwaka 2019

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, yasema masomo ya msingi ya Serikali ni lazima na ni bure. Neno hilo lilingojea miaka 13. Septemba 2019 Serikali ilianza kulitimiza katika inchi nzima, na Juni 2020 Banki ya Dunia ikakubali kutoa dola milioni 800 kwa kuutegemeza mpango huo. Watoto wakaja kwa wingi. Lakini kilasi zilijaa kupita kiasi, na waalimu wengi walipoteza « prime » pasipo kuwa katika orodha ya mshahara. Oktoba 2021, wakati waalimu walipogoma, wanafunzi wa Kinshasa waliingia katika Bunge kudai waalimu wao.

Tena kuna watoto ambao mlango wazi hauwatoshi: yule aliyetoka zamani, na sasa ana miaka 12, hawezi kukaa na wa miaka 6. Kwa ajili yake kuna vituo vya « rattrapage », ambako miaka sita ya msingi yafundishwa kwa mitatu. Vituo hivyo viliwekwa chini ya wizara ya Mambo ya Jamii, na vingi vyaishi kwa msaada wa wafadhili. Mfadhili akienda, kituo chafungwa.

IV. Tufanye nini?

Mtaguso wa Vatikano wa pili, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, wafundisha kwamba feza ya watu wote yapaswa kugawanywa kwa haki, wazazi wapate uhuru wa kweli wa kuchagua masomo. Tunapenda kulitaja fundisho hilo tunapoidai Serikali, na ni haki yetu kudai: mwalimu asiyelipwa atalipwa na mtoto maskini. Lakini haki hiyo yatudai sisi pia.

Kwanza, padri anayeongoza masomo aonyeshe hesabu mbele ya wazazi, feza iliyoingia na iliyotoka. Pili, asikubali michango iliyokatazwa irudi kwa jina lingine. Tatu, mwisho wa kila muhula achukue orodha ya waliotoka, aigawanye kwa makatekista. Wao wanajua nyumba. Waulize kila mzazi sababu, waiandike. Ikiwa ni umri, mtoto apelekwe kituo cha « rattrapage », na parokia ikihame kwa mkuu wa eneo ili kituo kisikose msaada. Serikali haiwezi kumsaidia mtoto ambaye jina lake halikuandikwa mahali popote.